Gari lina mfadhili, safari haina

Miaka michache iliyopita, kabla namba 115, ile ya bure ya kuitia usafiri wajawazito wenye dharura, haijafika kwetu, mke wa mjomba wangu alianza kutokwa na damu usiku, mimba ikiwa ya miezi minane. Ni katika kijiji kimoja cha Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Muuguzi wa zahanati hakupoteza muda: alimwandikia rufaa na kupiga simu kwenye kituo cha afya chenye gari la wagonjwa. Simu ilipokelewa. Gari lilikuwepo na dereva alikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Tukaombwa, kwa sauti ya mtu anayeona haya kuomba, ndugu tuchange lita ishirini. Saa nzima na ushei ikapita tukitumiana fedha kwa simu, huyu elfu kumi, yule elfu tano, huku kijana wa boda boda akitumwa kumgongea mlango muuza dizeli wa madumu. Mama aliokoka. Mtoto tulimzika kesho yake.

Ubavuni mwa lile gari yameandikwa majina ya waliolitoa. Simlaumu yeyote kati yao, maana bila wao tungekuwa tunazungumza habari ya vifo viwili. Lakini tangu usiku ule, kila nikiona picha ya makabidhiano ya gari la wagonjwa, utepe ukikatwa na viongozi wamejipanga mstari, najiuliza: usiku wa kwanza likiitwa, nani anajaza tangi?

Naamini kwamba huduma ya afya ya hisani katika vijiji vya Lindi na Mtwara inakwama zaidi kwa kukosa mtu wa kulipia safari kuliko kwa kukosa chombo. Mfadhili, awe kanisa la ng'ambo, kampuni, taasisi ya Kiislamu au Watanzania wenzetu walioko nje, hununua gari kwa sababu gari linaonekana. Kilomita haionekani. Hakuna wa kuipiga picha wala pa kuandika jina, na ikishatumika imekwisha, kesho inatakiwa nyingine. Ndiyo hiyo hiyo inayomfikisha mgonjwa.

Hapa kwetu umbali umeshapimwa kwa makaburi. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipita kaya takribani 226,000 katika wilaya tano: Lindi Vijijini, Ruangwa, Nachingwea, Newala na Tandahimba. Uchambuzi wao, uliochapishwa mwaka 2015, ulitazama wanawake waliofariki kwa matatizo yatokanayo moja kwa moja na uzazi, kutoka damu kukiongoza. Kwa wanaoishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa wanaoishi zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422. Mwanamke yule yule wa Kimwera au Kimakonde, mlo ule ule, shamba lile lile la korosho. Msogeze kutoka huko mbali hadi jirani na hospitali, na hatari yake inapungua karibu mara nne.

Najua hali imebadilika tangu hapo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni hatua kubwa, na wakunga wetu wanastahili heshima yake. Ila namba ya taifa ni wastani, na ndani ya wastani mtu wa Kilimarondo, ndani kabisa ya Nachingwea, anahesabiwa pamoja na mtu wa Kinondoni.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waligawa ucheleweshaji unaoua wajawazito katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wanafunzi wa uuguzi wanaikariri hadi leo, na usafiri huwekwa kwenye sehemu ya pili. Mimi nauona umejificha kwenye ya kwanza pia. Mama anayejua kwamba hana nauli hasemi "siendi". Anasema tungoje kupambazuke, tumpe dawa ya miti kwanza, labda itatulia. Ukimuuliza baadaye kwa nini walichelewa kuamua, atakwambia hawakujua kama hali ni mbaya. Mara nyingi walijua. Walichokuwa wanafanya usiku kucha ni hesabu ya fedha.

Tuifanye na sisi hesabu hiyo. Chukua safari ya kilomita 130 za vumbi, umbali usiopishana sana na ule wa kutoka Liwale hadi Nachingwea. Kwenda na kurudi ni kilomita 260. Land Cruiser kwenye barabara ile, ukiipa kilomita sita kwa lita, itakunywa lita 43, na ukichukulia lita moja kuwa Sh 3,000 unafika kwenye Sh 130,000. Hapo hujagusa matairi, springi wala posho ya dereva na muuguzi anayemsindikiza mgonjwa. Sasa weka pembeni mchango wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kama ulivyokuwa umepangwa: Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Mafuta ya safari moja ya rufaa yanameza michango ya kaya nne na kubakiza deni. Bima ya namna hiyo, hata ikilipwa na kila nyumba, haikukusudiwa kubeba umbali wa Liwale.

Wala mgawo wa serikali haukuupa umbali uzito mkubwa. Kanuni ya kugawa ruzuku ya afya kwa halmashauri, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliweka asilimia 70 kwenye idadi ya watu, na urefu wa njia za magari ya afya ukapewa asilimia 10. Zilizobaki zikaenda kwa umaskini na vifo vya watoto. Mantiki ipo, watu ndio wanaougua. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 katika Lindi yenye eneo la takribani kilomita za mraba 66,000, na watu 1,634,947 katika Mtwara isiyofikia kilomita za mraba 17,000. Ukigawa kwa vichwa, Lindi inapata kidogo kuliko jirani yake. Ukienda kuwatafuta watu hao walipo, Lindi inachoma mafuta mara kadhaa zaidi kumfikia mtoto mmoja wa chanjo. Hii ni hali ya jiografia, lakini mahali palipo na mtawanyiko wa namna hii ndipo fedha ya hisani ingeziba pengo vizuri zaidi.

Na hisani si ngeni kusini. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao hadi leo inapokea rufaa kutoka mikoa yote miwili. Iko nyingine Nyangao, iko Mnero kule Nachingwea, na Waanglikana walikuwa na Lulindi, Masasi. Daktari Mwingereza Leader Stirling alifika Masasi mwaka 1935, akafanya upasuaji miaka mingi Lulindi kisha Mnero, akachukua uraia wetu na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya. Enzi zile mgonjwa alibebwa kwa machela, wanaume wanne kwa zamu, wengine wanne wakitembea nyuma kupokezana. Watu husema siku hizo usafiri ulikuwa wa bure. Haukuwa wa bure. Ulilipwa kwa mabega ya wanaukoo na siku zao za kulima.

Leo mabega yamegeuka kuwa fedha taslimu, na fedha taslimu kusini ina msimu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na wakulima wengi malipo yao yanaingia kati ya Novemba na Januari. Miezi hiyo ukimwita mwenye Noah anakuja, akijua atalipwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinapiga hadi Aprili na wakati mwingine zaidi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga, sembuse njia za kwenda Kibutuka. Machi na Aprili ndipo madaraja ya miti yanapozolewa, malaria inapokuwa juu, chakula cha ghalani kinakwisha na fedha ya korosho ilishakuwa mabati, sare za shule na deni la duka. Safari inakuwa ghali mara mbili katika miezi ambayo mfuko uko mtupu kabisa. Mradi wowote wa usafiri wa wagonjwa usioijua kalenda hii, hata ukiwa na magari mapya kumi, utakuwa na nguvu Desemba na kulala Machi.

Iko mifano inayoonyesha kwamba kulipia safari kunawezekana, na baadhi imezaliwa hapa hapa nchini. Mfano ninaoupenda ni wa CCBRT. Hospitali ile ya Dar es Salaam ilikuwa ikitibu bure fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo, lakini wanawake waliohitaji matibabu hawakufika kwa idadi iliyotarajiwa. Walikuwa vijijini, wameachwa na waume, hawana nauli ya basi. Mwaka 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Balozi aliyeko kijijini, aliyemtambua mgonjwa, anapokea fedha kwa simu, anamkatia tiketi, na mgonjwa akishafika balozi anapata kifuta jasho chake. Hakuna gari lililonunuliwa. Mabasi yalikuwepo siku zote. Kilichoongezwa ni nauli na mtu mmoja wa kuaminika kila upande wa safari.

Kisha ukaja m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mjamzito mwenye dharura, aliyejifungua ndani ya siku 42, au kichanga cha hadi siku 28, anapigiwa 115 bure. Kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, kinamwita dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa, na akimfikisha mgonjwa analipwa kwa simu kulingana na safari. Dereva hamwombi mama chochote. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: mwenye Probox, ambaye zamani alikuwa akipima sura ya mgonjwa kujua kama atalipwa, sasa anawasha gari kwanza.

Nje ya nchi, Gambia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 shirika la Riders for Health liliingia mkataba na wizara ya afya ya nchi ile: magari yawe ya shirika, mkopo wa benki uyanunue, shirika liyatunze kwa ratiba, na wizara ilipe kwa kila kilomita inayotembea. Ndani ya bei ile ya kilomita mlikuwa na mafuta, matairi, fundi, na akiba ya kununua gari jingine hili likichoka. Katika utaratibu kama huo gari linapewa matengenezo kabla halijafa, kwa sababu likilala anayelitunza hapati kitu. Kwetu gari likipewa halmashauri au hospitali ya misheni, matengenezo yanasubiri kifungu cha bajeti, kifungu kinasubiri fedha, na baada ya miaka michache unalikuta nyuma ya jengo limepandishwa juu ya mawe, kuku wanataga ndani. Lingetakiwa kufanyiwa sevisi likiwa zima. (Wazee wa Nachingwea watakumbuka reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga za mkoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kusini tunajua vyema maana ya kujengewa kitu kikubwa ambacho hakuna aliyepiga hesabu ya kukiendesha.)

Kwa hiyo mfadhili akija Ndanda, Nyangao au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yoyote na bei ya Land Cruiser mkononi, ningependa aulizwe jambo moja kabla ya chai: fedha hiyo hiyo, ikigawanywa kwa miaka mitano na kulipwa kwa kilomita, ingebeba wagonjwa wangapi kwa magari yaliyopo na kwa boda boda na Noah zilizoko vijijini? Pengine jibu litakuwa kwamba gari linahitajika kweli. Liwale huwezi kumpakia mwenye kifafa cha mimba kwenye pikipiki. Basi gari lije na tangi lake, yaani na ahadi ya miaka mitano ya mafuta na fundi, iliyoandikwa kwenye mkataba ule ule wa makabidhiano.

Sasa nifike kwenye safari ambayo sijawahi kuiona kwenye andiko lolote la kuomba msaada, nayo ni ya kurudi. Gari la wagonjwa linampeleka mtu, linageuza. Baada ya siku sita mama amepona, ana mshono tumboni, ana kichanga, ana mama mkwe aliyekuja kumpikia, ana ndoo, ana mkeka. Kijiji kiko kilomita 80. Nauli ya watu wawili kwa basi, halafu boda boda mbili za kutoka barabara kuu kuingia ndani, ndiyo fedha iliyotakiwa kununua sukari ya mwezi. Nimewaona wanawake wakikaa hospitali siku mbili tatu baada ya kuruhusiwa, wakingoja mtu atume chochote. Nimeona pia walioondoka kwa miguu sehemu ya njia. Na wapo wasiopona. Kusafirisha maiti kwetu ni mzigo unaotisha kuliko rufaa yenyewe, kwa kuwa madereva wengi hawakubali, na wanaokubali wanataja bei ya kwao. Mzee anayekataa rufaa akisema "niacheni nife nyumbani" mara nyingine anawahurumia wanawe gharama ya kumrudisha. Mfuko wa usafiri usiolipia kurudi umelipia nusu tu ya uamuzi wa familia.

Fedha itoke wapi? Sitaki kusikia habari ya makato mapya kwa mkulima. Korosho yake ikifika AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, inakatwa huku na huku, na amechoka. Lakini halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na korosho ndiyo inayoujaza mfuko huo. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, sehemu kubwa zikitoka mikoa hii miwili. Shilingi moja tu kwa kila kilo ya mavuno kama yale, ikitengwa ndani ya ushuru ambao tayari unalipwa, ni shilingi milioni 300. Kwa bei ya safari ya Liwale niliyopiga juu, ni mafuta ya safari zaidi ya 2,300. Fedha hiyo ingewekwa Desemba inapoingia na kufungwa kwa ajili ya miezi ya Februari hadi Mei. Hospitali za dini zingeweza kuwa washika mfuko pamoja na kamati za vituo, kwa utaratibu wa 115: analipwa aliyemfikisha mgonjwa, baada ya kumfikisha, kwa simu, na jina la kijiji alikotoka likibaki kwenye kumbukumbu. Mfadhili wa nje akitaka kuongeza shilingi yake juu ya shilingi ya korosho, anajua imenunua nini, tena kwa undani kuliko jina lake ubavuni mwa gari.

Ipo hoja moja inayonipinga, na inatoka kwenye utafiti ule ule nilioutegemea. Ukihesabu vifo vyote vya wanawake wakati wa ujauzito na uzazi, vile vya magonjwa mengine vikiwemo, hata walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali walikuwa wakifa kwa kiwango cha 664 kwa kila vizazi hai 100,000. Ukaribu peke yake haukuwaokoa. Ukimkimbiza mama anayetoka damu hadi kwenye jengo lisilo na chupa ya damu, umempa mahali pengine pa kufia. Nalikubali hili kwa moyo mzito, na ndiyo maana nasema kilomita, sisemi rufaa. Kilomita inayolipiwa inaweza kubeba damu kutoka Ligula au Sokoine, hospitali za rufaa za mikoa yetu, kwenda wilayani, ikabeba sampuli za kifua kikuu kwenda maabara, ikambeba muuguzi wa huduma ya mkoba hadi Masuguru siku ya kliniki. Kijana wa pikipiki mwenye kisanduku cha baridi anaweza kuokoa uhai wa mtu ambaye hakupaswa kusafirishwa hata kidogo. Gari lililoandikwa "wagonjwa" ubavuni halikununuliwa kwa kazi hizo.

Na m-mama, pamoja na sifa zote nilizoupa, una mipaka yake. Mtoto wa miaka miwili mwenye degedege hayumo. Kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi Kilwa hayumo, wala aliyeumwa na nyoka akipalilia ufuta.

Mwezi Machi mwaka huu mjomba mwenyewe alibanwa na ngiri. Tumbo likavimba, akaanza kutapika. Si mjamzito, si kichanga. Simu ya kwanza hawakuipiga zahanati, waliipiga kwangu, saa saba usiku, kuniuliza nina shilingi ngapi, kabla hata hawajamwamsha muuguzi. Shangazi aliniomba radhi kwa kuniamsha, akasema wanajua wakifika kule wataulizwa mafuta. Nilituma nilichokuwa nacho. Korosho ilishauzwa tangu Desemba.